Bruce Lee na Ile Digrii ya Falsafa: Stori ya Weita Aliyepitia Shule ya Ufundi Kuingia Kampo

Ukiingia mtandaoni sai utafute Bruce Lee, dakika mbili haziishi kabla uone posti imeandikwa ati jamaa alikuwa na digrii ya falsafa kutoka Marekani. Picha ni ile ya msee hana shati, misuli imekauka kama waya wa umeme, na chini wamemwekea maneno ya hekima ambayo nusu yake hata hakuwahi kuyasema. Watu wanashea, watoi wa shule wanaweka stetasi, na hakuna mtu anashtuka kuuliza: hiyo digrii alipewa lini, na nani?

Jibu fupi ni kwamba hakuipata. Jibu refu ndio tamu, juu ndani yake kuna kijana aliyefukuzwa shule, kibarua cha kubeba sahani, shule ya ufundi ambayo watu wengi hawajawahi kuisikia, na chuo kikuu ambacho alikiingia kwa jasho halafu akatoka bila karatasi. Mimi pia nilitoka chuo bila karatasi, so hii stori nimeifuatilia kwa kiwango ambacho si cha kawaida. Tuingie.

Bruce alizaliwa tarehe 27 Novemba 1940, San Francisco, ndani ya Chinatown, kwa hospitali inaitwa Chinese Hospital. Fathe yake, Lee Hoi-chuen, alikuwa msanii mzito wa opera ya Kikantoni na alikuwa kwa ziara Marekani wakati huo. Mathe yake, Grace Ho, alikuwa na damu ya Kichina na ya Kizungu. Hiyo ajali ya kuzaliwa ziarani ndiyo iliyompa mtoto uraia wa Marekani. Shika hiyo pointi, juu bila hiyo hakuna stori.

Mwaka wa 1941 familia ikarudi Hong Kong. Kabla mwaka uishe Wajapani wakaivamia, na wakakaa hadi 1945. Kwa hivyo miaka ya kwanza ya Bruce ilikuwa ya vita, mji umefungwa, chakula ni shida. Vita ikaisha, na mtoto akaingia kwa filamu. Wengi wetu tunadhani alianza kuigiza akiwa mtu mzima, lakini kufikia miaka 18 alikuwa ameshatokea kwa filamu karibu 20 huko Hong Kong. Alikuwa nyota mtoto, na lile jina la Siu-lung, yaani Joka Dogo, lilitoka hapo.

Sasa shuleni ndio kulikuwa na ngori. Kaka yake Peter alikuwa kichwa, yule mtoto ambaye mwalimu anampenda na jirani anamtumia kukupiga vijembe. Bruce alikuwa kinyume. Hangekaa chini. Alipelekwa La Salle College, shule ya mabradha wa Kikatoliki yenye jina, na mwaka wa 1956 akatupwa nje kwa sababu ya tabia na maksi. Akahamishiwa St. Francis Xavier's. Huko bradha mmoja akaona afadhali hizo ngumi ziwekewe glovu, na 1958 Bruce akashinda mashindano ya ndondi ya shule. Mwaka huo huo akashinda ubingwa wa Hong Kong wa kudensi cha-cha. Eeh, cha-cha. Alikuwa na kadi ndogo ya mfukoni aliyoandika steps zote. Huyo ndiye simba wenu wa kung fu.

Wakati huo pia alikuwa anajifunza Wing Chun kwa Ip Man, yule mzee mmewaona wakimtengenezea filamu kibao. Na alikuwa anaenda kupigana juu ya paa za majumba na vijana wa shule zingine za kung fu. Mambo yakafika kwa polisi. Wazazi wakakaa chini wakapiga hesabu: huyu kijana akibaki hapa, ataishia jela au ataishia kaburini. Na si ana uraia wa Marekani? Basi aende akautumie.

Mwisho wa Aprili 1959 akapanda meli. Miaka 18, na mfukoni dola soo moja. Yaani mtoto wa staa wa opera, mtoi ambaye sura yake ilikuwa inajulikana kwa kumbi za sinema, anatumwa ng'ambo kama mzigo ulioshindikana. Kwa meli alikuwa anafundisha abiria cha-cha ndio apate za kujikimu. Akafika San Francisco, akakaa miezi michache, halafu akapelekwa Seattle, kaskazini kabisa, mji wa mvua.

Kule Seattle alifikia kwa Ruby Chow. Huyu mama alikuwa na mkahawa wa Kichina mkubwa, na bwana yake Ping Chow alikuwa ametoka kwa dunia ile ile ya opera na fathe ya Bruce. Ruby mwenyewe alikuwa mtu wa nguvu, na mwaka wa 1973 alichaguliwa kuwa diwani wa King County, mtu wa kwanza mwenye asili ya Asia kufika hapo. Bruce alifika akidhani ni mgeni wa familia. Ruby akampa kachumba kadogo kama kabati na aproni. Kazi: kuhudumia meza, kubeba sahani, kusafisha. Hakukuwa na ustaa hapo. Walikosana mara nyingi, juu kijana alikuwa na kiburi na mama alikuwa hana time ya kiburi cha mtu.

Hapa ndipo posti za mtandaoni huruka. Zinakuambia alienda Marekani, akasoma falsafa, akawa Bruce Lee. Lakini buda, chuo kikuu kingemchukua vipi? Hakuwa na cheti cha sekondari. Alikuwa ametupwa nje ya shule moja na hakuwa amemaliza nyingine. Kwa karatasi alikuwa sufuri.

Kilichomwokoa ni taasisi inaitwa Edison Technical School, pale mtaa wa Capitol Hill, barabara ya Broadway, umbali wa kutembea kutoka kwa mkahawa wa Ruby. Edison ilikuwa shule ya umma ya ufundi. Watu walienda hapo kujifunza kazi za mikono, lakini pia ilikuwa inachukua watu wazima na vijana ambao shule iliwapita ili wamalizie sekondari. Hakuna mtu alikuwa anakuuliza sana ulikuwa wapi. Ukija, unakaa, unasoma hesabu, unasoma historia, unapewa cheti. Mwaka wa 1966 hiyo Edison ikageuka kuwa chuo cha jamii, na leo ndiyo Seattle Central College. Kwa wale hawajui, Marekani vyuo vya jamii ni kama vile mtu hapa huanzia TVET: karo ni ya chini, unasukuma miaka miwili hivi, halafu unahamisha alama zako ukaendelee na chuo kikuu. Wakati wa Bruce mfumo haukuwa na hilo jina hapo Edison, lakini kazi ilikuwa inafanya ni ile ile. Ilikuwa ngazi.

Sasa piga picha ya siku zake. Asubuhi darasani Edison, kwa lugha ambayo si ya mathe yake, akiwa kati ya watu wa kila aina. Jioni aproni, wateja, mchuzi, maji ya moto. Usiku kachumba. Na katikati ya hizo zote, mazoezi. Alikuwa na mti wa Wing Chun, ile dami ya mbao yenye mikono, ambayo alikuwa anaichapa hadi watu wanateta kelele.

Edison pia ilimpa kitu hakukuwa na silabasi yake. Ilimpa mabeshte. Mwanafunzi mmoja wa hapo alikuwa Jesse Glover, msee mweusi, mtu wa judo, ambaye akiwa kijana askari alikuwa amemvunja taya. Jesse alikuwa ametafuta mwalimu wa sanaa ya kupigana miaka na miaka na hakuna aliyetaka kumfunza. Akamwona Bruce akionyesha kung fu, akamfuata. Akawa mwanafunzi wake wa kwanza kabisa Marekani. Tafadhali rudia hiyo: mwanafunzi wa kwanza wa Bruce Lee alikuwa mtu mweusi aliyemtolea kwa shule ya ufundi. Baadaye akaja Taky Kimura, Mmarekani mwenye asili ya Kijapani, ambaye wakati wa vita serikali ilimfungia kambini pamoja na familia yake kisa ni sura yao. Alipokutana na Bruce alikuwa karibu kufikisha miaka arobaini na moyo umevunjika. Kwa mbogi hiyo kulikuwa na weusi, Waasia, na wazungu waliokulia mtaani. Walikuwa wanafanya mazoezi kwa mabustani na kwa maegesho ya magari. Kwa Marekani ya 1960, kundi kama hilo lilikuwa kioja.

Desemba 1960 Bruce akapata cheti chake. Alikuwa amegonga miaka 20. Machi 1961 akaingia University of Washington.

Hapa lazima nisimame kidogo. Kutoka kutupwa La Salle hadi kuingia chuo kikuu cha jimbo ni miaka mitano. Kutoka kushuka kwa meli na dola soo hadi hapo ni miaka miwili hata haijafika. Watu wanapenda kuongea juu ya ngumi ya inchi moja. Mimi hii safari ya Broadway ndiyo inanibamba kuliko. Ngumi alikuwa nayo tangu Hong Kong, lakini kukaa kwa dawati hakuwahi kuweza, na hapa sasa aliweza.

Kampo alisoma nini? Rekodi za chuo zinamweka kwa idara ya drama. Uigizaji, yaani. Inaingiana, juu jamaa alikuwa ameigiza tangu akiwa mtoi. Lakini alichukua pia madarasa ya saikolojia na falsafa, na hayo ya falsafa ndiyo yaliyomshika. Hakuwa mwanafunzi wa maksi za kutamba. Alikuwa yule msee wa darasani ambaye kwa mtihani anapita tu, lakini ukimkuta nje anaongea juu ya Lao Tzu kwa masaa mawili na chakula kinapoa.

Kilichotokea ni hiki. Huko Hong Kong alikuwa amefundishwa mambo ya Kitao, ya ying na yang, ya upole kushinda ugumu, lakini amefundishwa na mwili: kaa hivi, legeza bega, usishindane na nguvu ya mwenzako. Kampo akapewa lugha ya kuyasema. Akaanza kusoma wazee wa Ulaya pia, kina Plato na Descartes, na akaanza kuuliza maswali ambayo kwa kung fu ya zamani ukiuliza unachapwa kofi: kwa nini tunafanya hivi? Nani alisema? Inafanya kazi kweli?

Kuna insha moja aliyoiandika chuoni ambayo hadi leo inasomwa. Ndani yake anasimulia vile akiwa kijana alikuwa amekwama kwa mazoezi, kila akijaribu kulegea anakaza zaidi, hadi Ip Man akamwambia aende nyumbani wiki nzima asifanye mazoezi, afikirie. Bruce akaingia kwa mashua peke yake baharini, akawaza, akakasirika, akapiga maji ngumi. Na maji hayakuumia. Yakafungua njia, yakarudi. Ile laini yake maarufu kuhusu maji, ambayo kila mtu ameiweka kwa tisheti, mizizi yake iko hapo, kwa kazi ya darasa iliyopelekwa kwa mwalimu ili ipewe alama. Sijui kama huyo mwalimu alishtuka baadaye.

Akaanza kuitwa kuongea. Garfield High School, shule ya sekondari hapo mjini, ilikuwa inamkaribisha kuja kuwaeleza wanafunzi falsafa ya Kichina. Msee ambaye miaka michache nyuma hakuwa na cheti cha sekondari anasimama mbele ya sekondari kama mwalimu mgeni. Mmoja wa wasichana wa Garfield alikuwa Linda Emery. Linda akaanza kufunzwa kung fu, akajiunga na University of Washington mwaka wa 1963, na Oktoba 25 mwaka huo Bruce akamtoa deti pale juu ya Space Needle, mkahawa ambao ulikuwa kwa ule mnara wa Seattle. Kwa mwanafunzi, hiyo ilikuwa deti ya kuuza figo.

1963 ulikuwa mwaka wake. Alichapisha kitabu chake cha kwanza, na ukiangalia jina lake kwa Kiswahili ni kama Gung Fu ya Kichina: Sanaa ya Kifalsafa ya Kujilinda. Kifalsafa, kwa jalada, akiwa na miaka 22 na bado anafanya mitihani. Pia alifungua ukumbi mkubwa wa mazoezi kwa University Way, hapo karibu na kampo, na akawa analala huko huko kwa chumba cha nyuma kisicho na dirisha. Nguo, vitabu, godoro, mti wa Wing Chun. Mwaka mmoja kabla, 1962, alikuwa amemwandikia rafiki wa familia Hong Kong barua ndefu akisema anataka kufungua shule za gung fu Marekani yote. Alikuwa anaosha vyombo juzi tu.

Na hapo ndipo shida inaanza, juu ndoto ilikuwa imeanza kukimbia mbio kuliko kozi.

Kufikia 1964 Bruce alikuwa amesota kampo miaka mitatu. Ukumbi unadai rent. Linda ni mja mzito. Familia ya Linda haitaki kusikia habari ya ndoa na Mchina, na kumbuka hii ni Marekani ambapo majimbo mengi bado yalikuwa na sheria ya kukataza ndoa za rangi tofauti. Mahakama Kuu yao ilizifuta 1967. Washington haikuwa na hiyo sheria, lakini kutokuwa na sheria hakukufanyi ukaribishwe mezani. Wakati huo huo huko Oakland kuna jamaa anaitwa James Yimm Lee, fundi wa kuchomelea vyuma, mtu wa kung fu, ambaye anamwambia kuja tufungue shule pamoja.

So uamuzi ulikuwa huu: baki umalize digrii ya drama ambayo haikulipi, au toka uende kujenga. Akatoka. Tarehe 17 Agosti 1964 wakafunga ndoa Seattle, Taky Kimura akiwa msimamizi wa bwana harusi, na wakaelekea Oakland. Linda pia akaacha kampo. Ukumbi wa Seattle akauachia Taky, ambaye aliendeleza mafunzo hayo kwa miaka mingi sana.

Wakati tunasimulia watu walioacha chuo, huwa tunaweka muziki wa ushindi nyuma. Kwa hii stori muziki haukuja haraka. Mwezi huo wa Agosti alionyesha mambo yake Long Beach kwa mashindano ya karate ya Ed Parker, ile ngumi ya inchi moja na kupiga push-up kwa vidole viwili, na watu wakabaki mdomo wazi. Lakini kuacha watu mdomo wazi hakulipi rent. Mwisho wa mwaka akapigana na Wong Jack Man huko Oakland. Watu wanabishana hadi leo nani alishinda vipi. Kitu hakina ubishi ni kwamba Bruce hakufurahia. Alihisi alichukua muda mrefu, alichoka, na ile Wing Chun aliyofundishwa ilimfunga mikono. Hapo ndipo alianza kubomoa kila kitu ajenge upya, na hiyo kitu ikaja kuitwa Jeet Kune Do.

Angalia vile alibomoa, lakini. Alifanya kama mtu wa falsafa. Alichukua alichofundishwa, akauliza kila kipande kina kazi gani, akatupa kisicho na kazi. Akachukua ndondi za Wazungu, akachukua fensi, akasoma vitabu vya mwili. Hiyo akili ya kuuliza nani alisema hakuitoa kwa paa za Hong Kong.

Halafu Februari 1965. Hii wiki ungeiandikia filamu. Tarehe 1, mtoto wake Brandon anazaliwa Oakland. Tarehe 4, Bruce anaitwa Hollywood kufanyiwa majaribio ya kamera, juu kinyozi wa mastaa, Jay Sebring, alikuwa amemtaja kwa prodyusa William Dozier. Hiyo video bado ipo, itafute. Kijana amevaa suti nyeusi na tai, nywele zimelala, amechoka kwa sababu mtoto ana siku tatu na hakuna mtu amelala. Wanamuuliza maswali ya kawaida. Wanamuuliza kuhusu chuo na alisomea nini. Anasema falsafa.

Sasa, alidanganya? Nimeiangalia hiyo sehemu mara mingi. Kwa karatasi, eeh, si kweli, rekodi inasema drama na digrii haikumalizwa. Lakini hakusema ana digrii. Aliulizwa alisoma nini. Na ukiangalia alichobeba kutoka kwa hicho chuo, ni falsafa. Mimi hapo namwachia. Wale nisiowaachia ni wanaoandika leo ati alihitimu, juu wanafuta Edison, wanafuta aproni, wanafuta na ule uamuzi mgumu wa 1964, wanabaki na kofia ya graduesheni ambayo hakuwahi kuivaa.

Siku chache baada ya hiyo video, fathe yake akafa Hong Kong. Yule mzee aliyempandisha meli.

Mengine mnayajua, nitayapita mbio. Kato kwa The Green Hornet, 1966 hadi 1967, msimu mmoja tu na ikafutwa. Kufundisha mastaa: Steve McQueen, James Coburn, na kijana mrefu wa UCLA ambaye baadaye alijiita Kareem Abdul-Jabbar. Miaka ya kusubiri simu ya Hollywood ambayo haiji. Januari 1969 akajiandikia karatasi ya malengo ati atakuwa staa wa Asia anayelipwa zaidi Marekani na kufikia 1980 atakuwa na dola milioni 10. Wakati anaandika hivyo, alikuwa na watoi karibu wawili na bili za nyumba.

Agosti 1970 aliinua vyuma bila kupasha mwili joto na akaumia mgongo vibaya. Madaktari wakamwambia asahau kupiga teke tena. Akalala miezi. Kwa mtu ambaye alitupwa shule kwa sababu hangeweza kutulia, hiyo ilikuwa jela. Lakini nyumbani alikuwa na maktaba ya vitabu zaidi ya 2,000, na akaifungua. Krishnamurti, Alan Watts, Spinoza, Hume, pamoja na vitabu vya ndondi na fensi, vyote vimepigwa mistari na vimeandikwa pembeni. Akajaza madaftari. Kozi aliyoiacha kampo aliimalizia kitandani, bila mwalimu, bila mtihani, na maumivu ya mgongo ambayo hayakuisha hadi alipokufa.

Akasimama, akaenda Hong Kong, na hapo ndipo dunia ikapasuka. The Big Boss, 1971. Fist of Fury, 1972. Way of the Dragon, 1972, ambayo aliiandika na kuiongoza mwenyewe, na kumfinya Chuck Norris ndani ya Colosseum. Halafu Enter the Dragon na Warner Bros. Hizi ndizo kanda zilizozunguka video zetu za mtaa hadi zikaanza kukwaruza, na watoi wa kizazi baada ya kizazi wakavunja viti vya mathe zao.

Kuhusu Enter the Dragon kuna kitu kimoja lazima niseme. Bruce alipigania sana hiyo filamu iwe na akili. Mwanzoni kuna sehemu anatembea na mtawa mzee, mwalimu wake, wanaongea juu ya kupigana bila kuwaza unapigana, juu ya adui kuwa ni kivuli tu. Hiyo ndiyo University of Washington inaongea. Filamu ilipotoka Marekani mwaka wa 1973, hiyo sehemu ilikuwa imekatwa. Mateke yalibaki, falsafa ikaachwa sakafuni. Ilirudishwa miaka 25 baadaye.

Yeye hakuwa hai kulalamika. Mei 10, 1973, alianguka studio akifanya kazi ya sauti, ubongo umevimba, akaokolewa. Julai 20 akaumwa na kichwa akiwa kwa nyumba ya muigizaji Betty Ting Pei, akapewa kidonge cha maumivu, akalala, hakuamka. Uchunguzi ulisema ubongo ulivimba na kifo kikaandikwa kuwa cha bahati mbaya. Miaka 32. Enter the Dragon ilitoka wiki chache baadaye, na akawa staa wa dunia nzima akiwa kaburini.

Yale madaftari ya kitandani Linda hakuyaacha yaoze. Mwaka wa 1975 yalitoka kama kitabu, Tao of Jeet Kune Do, na bado kinauzwa. Ukikifungua unategemea picha za mateke, na ziko, lakini kurasa za kwanza ni za fikra.

Angezikwa Hong Kong au Los Angeles na hakuna mtu angeuliza. Linda akampeleka Seattle. Amelala Lake View Cemetery, juu ya Capitol Hill, mlima ule ule wenye barabara ya Broadway na ile shule ya ufundi. Kina McQueen, Coburn na Taky Kimura walibeba jeneza. Brandon, yule mtoi wa siku tatu, alikufa 1993 akiwa na miaka 28, ajali ya bunduki wakati wa kushuti filamu, na amelazwa kando ya babake. Watu huja kila siku wakiacha maua na sarafu. Mbele ya jiwe la kaburi la Bruce wameweka jiwe lingine, limechongwa kama kitabu kilichofunguliwa.